Ukurasa wa Tatu wa Barua

Jumatatu, 13 Machi 1916

Masika yameanza jana, mapema kuliko nilivyotazamia. Naanza daftari hili kwa ajili ya Kasiani, mume wangu, aliyechukuliwa na jeshi tangu Desemba kwenda kujenga madaraja upande wa Rufiji. Yeye ni seremala, na jeshi likishampata seremala halimrudishi upesi. Akirudi atataka kujua nani alifanya nini wakati hayupo. Mimi nina tabia ya kusahau mema ya watu na kushika mabaya, kwa hiyo afadhali niandike yote.

Nashona magunia katika ghala la stesheni. Felista, binti yetu wa miaka sita, nimempeleka kwa bibi yake Kinole, maana huko mlimani bado kuna magimbi na ndizi, na hapa mjini kila kinachoiva kinaliwa na jeshi.

Nimelelewa Unguja, katika nyumba ya masista wa Kiingereza. Walinifundisha kushona, kusali na kusoma lugha yao. Kasiani alinikuta huko alipokwenda kujifunza ufundi, akanioa, akanileta kwao Morogoro. Zamani ilikuwa sifa, watu walikuja kunisikiliza nikisoma. Tangu Wadachi na Waingereza waanze kupigana imekuwa kama ugonjwa wa kufichwa. Mwaka jana walipitishwa hapa stesheni walimu wawili waliosoma kwa Waingereza kama mimi, wamefungwa mnyororo mmoja. Tangu siku ile sijatamka neno la Kiingereza, hata nikijikwaa.

Jumanne, 14 Machi

Mvua. Magunia arobaini na mawili.

Jumamosi, 18 Machi

Shaushi mmoja wa askari amekuja ghalani, ameita jina langu mbele ya wote. Jumatatu natakiwa bomani. Bwana Miwani, yule ofisa mwembamba anayesimamia barua, anatafuta watu wanaosoma Kiingereza.

Nani amenitaja? Wanaojua ni wachache. Yuko Mwaisha, jirani yangu, dobi wa mashati ya mabwana, lakini yeye ni kama ndugu. Yuko mumewe Pazi, mpakia mizigo stesheni, mwanamume mwenye mwanya mpana ambaye kila neno kwake ni kicheko. Na yuko Salehe. Huyu alikuwa karani wa duka la Mhindi Mombasa, akaja kuwaona wazee wake, vita vikamfungia huku. Anakaa nyumba inayonitazama. Nilipopita leo alikuwa barazani akichonga kalamu. Alinisalimu, kisha akainamisha macho.

Mtu asiye na hatia haoni haya kunitazama.

Jumatatu, 20 Machi

Tulikuwa watatu. Salehe alikuwepo. Wa tatu alikuwa mpishi kutoka Mikese aliyewahi kumpikia mwindaji wa Kiingereza. Alijua majina ya vyakula tu, akarudishwa kwao kabla ya saa nne.

Bwana Miwani anasema Kiswahili kizuri, polepole, kana kwamba kila neno analipima kwanza. Mzungu wao aliyejua Kiingereza vizuri yuko mbele na jeshi, na mwingine amekufa kwa homa. Hapa bomani kuna magunia mawili ya barua zilizotekwa. Yeye ana kamusi moja iliyoloa maji.

Alitugawia karatasi moja moja, barua ile ile iliyonakiliwa. Akasema, "Sitawauliza kusoma. Kasuku naye anasoma. Nitauliza jambo, nanyi mtanionyesha mstari uliko."

Swali la kwanza, ni wapi panaposema farasi wao wamekufa. Salehe alikuwa mwepesi. Aliliona neno la farasi katikati ya karatasi, akaweka kidole. Mstari ule ulikuwa unasema mtu yule anamkumbuka farasi wake wa nyumbani kwao. Mimi nilitafuta farasi sikuwaona, nikaanza tena toka juu, nikakuta chini kabisa: sasa sote tunatembea, hata meja, na nzi wamenenepa. Nikaweka kidole hapo.

Bwana Miwani alifungua kamusi, akakaa nayo muda mrefu. "Hapa hakuna farasi," akasema.

"Hawapo, Bwana. Ndiyo sababu meja anatembea."

Hakucheka. Aliuliza maswali mengine saba. Sita nilipata. Mwisho akavua miwani, akaifuta. "Salehe anajua kidogo, na hilo nalielewa. Wewe unajua mno. Mtu hujua hivyo lugha ya watu anaowapenda."

Nilimwambia kwamba Kidachi ningekijua vilevile kama ningelelewa na Wadachi. Alinitazama, akaandika kitu. Kuanzia kesho nafanya kazi bomani, pamoja na Salehe. Yeye ana mwandiko mzuri, atanakili. Mimi nitatafuta.

Alhamisi, 23 Machi

Chumba kina dirisha moja. Barua zinanuka ukungu. Wanaandikia mama zao.

Alhamisi, 30 Machi

Jua limetoka saa moja hivi. Nimeona kitu kikimetameta mlimani, upande wa kanisa dogo la Mwalimu Agustino. Kikazima, kikawaka tena. Mwalimu Agustino ndiye katekista wa huko juu, ndiye anayemfundisha Felista herufi. Mtu mwema, nilidhani. Lakini mtu mwema anamulika nini kutoka mlimani wakati wa vita?

Sikumwambia mtu. Salehe naye alikuwa dirishani, ameona, hakusema. Nilijiuliza anamwekea nani habari hiyo.

Jumapili, 2 Aprili

Baada ya misa Salehe amenifuata njiani, kofia mkononi.

"Bibi Regina, nakuomba unifundishe unavyoona."

"Naona kwa macho."

"Hata mimi ninayo. Lakini nikiulizwa maji natafuta neno la maji, na kila mara linanipeleka pasipo penyewe. Bwana amesema nikikosea mpaka mwisho wa mwezi nitapelekwa kuwa mpagazi. Kifua changu hakiwezi mzigo."

Nilimwambia nitafikiri. Nafikiri bado. Kila siku alasiri akitoka bomani haendi kwake. Anakwenda upande wa kambi ya askari, na anarudi giza likianza kuingia. Anampelekea nani habari, na habari za nani kama si zangu? Mtu akitaka kujua mimi ni nani, njia nzuri ni hiyo ya kunifanya mwalimu wake.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimekubali. Nikikataa ataandika kwamba nilikataa.

Nimemwambia hivi: usitafute neno. Anayeuliza ana maneno yake, na aliyeandika barua alikuwa na yake, hawakukutana. Jiulize, mtu mwenye jambo hili angelisemaje bila kulitaja? Jirani akikwambia kwake jiko halikuwashwa jana, amekwambia hawakula. Hakutaja chakula wala njaa. Kisha soma mstari wa juu yake na wa chini yake, maana mstari peke yake hudanganya.

Akasema, "Kwa hiyo nikiulizwa njaa, nitafute mkanda."

"Mkanda gani?"

"Wa suruali. Wanaume wakikaza tundu la ndani."

Nilitaka kumsifu, nikajizuia.

Jumanne, 11 Aprili

Nimemjua aliyenitaja. Ni Mwaisha.

Amenisimulia mwenyewe, anasugua kola huku anacheka. Mwezi uliopita alimpelekea Bwana Miwani mashati, Bwana akalalamika hana mtu wa kumsomea, naye akamjibu, "Mbona Mama Felista anasoma Kiingereza kama anakunywa maji." Alidhani ananitafutia kazi nzuri ya kukaa kivulini.

"Si umetoka kwenye magunia, shoga yangu?"

Nilimwambia ahsante. Mwaisha hana ubaya, ila kwake kinachoingia sikioni hakilali ndani. Kuanzia leo simwambii hata nimepika nini.

Na Salehe je? Kwa hili hakuhusika. Hilo haliondoi mengine.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua siku nne bila kukatika. Mto umekula ukingo karibu na daraja. Tangu kazi hii ianze siwezi kusikia mtu akisema jambo nikaliacha lilivyo. Kisimani mwanamke amesema mihogo yake imechimbwa na nguruwe. Nikajiuliza nguruwe ni nani.

Jumatatu, 24 Aprili

Jana Pasaka. Felista ameletwa, amenenepa kidogo, anajua kuandika jina lake. Amefundishwa na Mwalimu Agustino, aliyemleta mwenyewe mpaka mlangoni, miguu matope mpaka magotini. Nilimkaribisha uji, na macho yangu yalikuwa kwenye mfuko wake. Alipoutoa mkono ulikuwa na kioo cha kunyolea, kimepasuka. Alisema anakitundika mtini nje ya kanisa, maana ndani giza. Nilimwambia asikitundike nje tena. Alishangaa, kisha akaelewa, uso ukambadilika. Hakumaliza uji.

Leo wanaume wengi wamechukuliwa kuwa wapagazi, wanapelekwa kwa gari la moshi hadi Dodoma, na kutoka hapo kwa miguu hadi Kondoa, ambako Waingereza wameingia. Pazi amechukuliwa. Mwaisha alikuwa uani pamoja naye, wanafunga kibunda, nami nasikia kila neno juu ya ua. "Huko mnakokwenda kuna baridi," anamwambia. "Blanketi mia tatu zimepita mikononi mwangu kufuliwa wiki hii, za kombania mbili nzima. Na wewe utafute yako." Alisema kwa sauti ya mtu anayeita kuku.

Ijumaa, 5 Mei

Salehe ameulizwa maswali kumi, amepata tisa. Bwana Miwani amenitazama mimi, si yeye.

Jumatatu, 15 Mei

Gari la moshi la majeruhi. Wapagazi wachache wamerudi nalo. Mmoja amemwambia Mwaisha kwamba Pazi amechukuliwa na maji walipokuwa wanavuka mto upande wa Kondoa. Hakuiona maiti. Mwaisha amelia mpaka sauti ikakauka. Nilikaa naye. Nikamkamulia nguo zake, zote, mpaka jua likazama.

Jumatatu, 22 Mei

Mwalimu Agustino ameletwa bomani asubuhi, kamba shingoni, askari watatu. Watu wanasema atanyongwa Jumatatu ijayo.

Naeleza tangu mwanzo hapa ili Kasiani aelewe. Wiki iliyopita imetekwa barua ya ofisa wa Kiingereza aliyoandika Kondoa tarehe saba, kurasa nne. Ndani yake inaonekana wazi kwamba Waingereza walijua kombania mbili zinakuja kabla hazijafika. Watu wengi wa Wadachi wamekufa kwa sababu hiyo. Bwana Miwani ameichukua barua mwenyewe nyumbani kwake na kamusi yake, Jumamosi na Jumapili, hakutuonyesha sisi. Amepata mstari kwenye ukurasa wa kwanza wenye maneno haya: mwalimu, vilima, kila asubuhi, anatuambia, adui. Akaunganisha na kioo cha kanisani, maana si Salehe na mimi peke yetu tuliokiona kikimetameta.

Alasiri amekuja Paskalia, mkewe Agustino, ameshuka na kikapu cha mboga kichwani kana kwamba anakwenda sokoni. "Shikamoo, dada," akasema mlangoni pa boma, na mimi natoka. "Wanasema wewe unasoma karatasi zao. Karatasi gani imemtaja mume wangu?"

"Sijaiona."

"Basi waombe uione."

Alikaa chini penye matope, ukutani, na kikapu chake. Bado yuko pale mvua inanyesha.

Jumatano, 24 Mei

Nimeomba kuiona. Bwana Miwani amesema, "Kwa nini unataka?" Nikasema kamusi haiwezi kujua mtu anapotania. Amesema atafikiri. Paskalia yuko ukutani.

Jumamosi, 27 Mei

Nataka kuandika siku hii kwa utaratibu.

Saa mbili tuliitwa. Salehe aliwekwa chumba cha mizani, mimi chumba cha dirisha, kila mmoja na nakala yake, askari mlangoni. Bwana Miwani alikaa mbele yangu. Akaonyesha mstari wake. "Soma."

Nikasoma. Kwa Kiswahili ni hivi: katika vilima hivi kopo tupu ndilo mwalimu wetu, kila asubuhi linatuambia yale ambayo adui hakuweza kutuambia.

"Kopo Tupu ni jina la siri," akasema. "Ni huyu mtu wa kanisani."

"Kopo tupu ni njaa, Bwana."

"Neno la njaa halipo. Nimelitafuta."

"Halipo. Lakini tazama." Nikamwonyesha mstari wa sita, wamekula nyumbu wa mizinga. Mstari wa kumi na mmoja, mikanda imetobolewa tundu jipya. Ukurasa wa pili, daktari anasema wameanza kuota mikate usingizini. "Jambo moja limesemwa mara nne, Bwana, na mara zote bila kutajwa. Huyu ni mtu mwenye haya, hataki mkewe ajue anashinda na njaa. Kopo ni kopo la nyama, limekwisha."

Alikwenda mwenyewe mstari kwa mstari na kamusi yake. Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimwona anafika kwenye mikanda, akasimamisha kidole, akashika mkanda wake mwenyewe bila kujijua. Hapo nilijua ameamini.

"Vizuri," akasema. "Basi si mwalimu. Sasa nionyeshe ni nani."

Hapo ndipo nilipogeuza ukurasa wa tatu. Sikuwa nimefika huko. Nilisoma kimya, na katikati ya ukurasa, kati ya habari za sabuni na habari za viatu, nikakuta haya: jana alitujia mtu mchangamfu ambaye kicheko chake kina mlango katikati, na nyumbani kwake, chini ya milima inayovaa wingu, ndiko mashati ya mabwana wa upande wa pili yanakopata weupe wake. Kwa hiyo sisi hatutashangaa wageni wetu mia tatu wakija wamejifunika vizuri.

Hakuna neno la dobi. Hakuna mke, hakuna blanketi, hakuna Morogoro, hakuna aliyesema wala aliyesikia. Kamusi ingepita hapo mara mia. Mimi nilimwona Mwaisha amesimama kwenye karatasi ile na mikono yenye povu.

Pazi hakufa maji. Alitoroka.

Bwana Miwani alikuwa ananitazama macho, si karatasi. Nitaandika kweli, kwa kuwa nilisema nitaandika yote: nilifikiri kumtaja. Mwaisha ndiye aliyenitia chumba hiki. Mdomo wake ndio uliomtia kamba shingoni mtu aliyemfundisha mtoto wangu. Nikiweka kidole hapo, Agustino anatoka leo bila shaka yoyote, na mimi naaminiwa mpaka vita viishe. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kusoma mistari mitatu.

"Haikuandikwa," nikasema.

"Nani aliwaambia?"

"Haikuandikwa, Bwana. Anasema tu walijua."

Akajaza kiko. Kisha, kana kwamba anaanza jambo jingine, "Habari hii ilitoka mji gani?" Nikasema haionyeshi. Akauliza kuhusu viatu, nikajibu. Akauliza kuhusu sabuni, nikajibu. Halafu, polepole, "Na huyo aliyeona kombania zikijiandaa, alizionea wapi?"

Lilikuwa swali lile lile kwa mara ya tatu, limevaa nguo nyingine. Amejifunza kutoka kwetu.

"Hayupo aliyeona, Bwana. Barua haina mtu kama huyo."

"Vema. Sasa nitamwuliza Salehe hayo hayo. Kama kuna mstari na wewe umeuruka, utakaa kifungoni na mwalimu wako."

Nikatolewa nje, nikasimama ukutani karibu na Paskalia. Mimi nilikuwa nahesabu niliyomfundisha Salehe. Jambo bila kulitaja. Mstari wa juu na wa chini. Mwezi na nusu nimemnoa mtu huyu kwa mikono yangu, na sasa amekaa na ukurasa wa tatu mbele yake, na kifua kisichoweza mzigo. Atauona. Nilikuwa na hakika kama nilivyo na hakika ya jina langu.

Alikaa ndani mpaka kengele ya saa sita. Alipotoka alinipita bila kunitazama, kofia ameishika mkononi, mvua inampiga kichwani.

Jumatatu, 29 Mei

Agustino ameachiwa. Amechapwa viboko kumi na tano kwa ajili ya kioo. Paskalia amemfunika kanga yake mgongoni, wamepanda mlima polepole, yeye mbele, mkewe nyuma ameshika kiuno chake. Kabla hawajaondoka Agustino aliniambia, "Mama Felista, ilikuwa imeandikwa nini?"

"Kwamba wana njaa."

Alitikisa kichwa. "Na sisi."

Alhamisi, 1 Juni

Salehe ameondoka. Bwana Miwani hakupenda tulivyokubaliana. Amesema watu wawili wakiwa na jibu moja wasikae chumba kimoja, kwa hiyo amempeleka mbele Kondoa, akawe msomaji wa jeshi. Hatabeba mzigo, hilo ni kweli. Lakini risasi haiulizi kama wewe ni karani.

Nilikwenda stesheni. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake.

"Bwana Salehe, ulikuwa unakwenda wapi alasiri, upande wa kambi?"

Alishangaa kidogo. "Kwa mama yangu. Anakaa nyuma ya kambi, haoni. Nilikuwa nampikia." Akafikiri. "Ulidhani nakwenda wapi?"

Nikatazama sanduku lake. Naye hakunilazimisha.

"Uliuona?" nikamwuliza.

"Ukurasa wa tatu. Baada ya sabuni." Alisema kwa sauti ya chini, anatazama reli. "Bwana aliniuliza mara nne. Mara ya nne aliniuliza ni nani anayevaa wingu. Nikasema milima ya Ulaya."

"Kwa nini?"

"Mama yangu haoni, Bibi Regina. Nguo zake zinafuliwa na nani, unadhani? Miaka miwili, hajaombwa wala hajadai. Angalau hilo Mwaisha hajawahi kumwambia mtu."

Gari lilipiga filimbi. Nilitaka kumwomba radhi, lakini ningelazimika kueleza ya mwezi wa tatu yote, na hapakuwa na nafasi. Nikamwambia mama yake nitamwangalia mimi. Aliitikia kwa kichwa, akapanda, na mlangoni akageuka. "Mengi yamo hata wasipoyataja," akasema. "Inachosha." Akaingia ndani.

Jumapili, 4 Juni

Nimempelekea mama yake Salehe magimbi. Amenishika uso kwa mikono yote miwili, akauliza mimi ni mtoto wa nani.

Jumatano, 7 Juni

Mvua haijanyesha siku tisa. Milima iko wazi mpaka kileleni.

Mwaisha amekuja kuniambia kwamba Ijumaa atamsomea Pazi hitima. Amekwisha kuwaambia majirani, amepata mchele kidogo. Nguo za Pazi amezifua zote, azigawe siku hiyo kwa ndugu zake, na kanzu yake ya Idi ampe kaka mkubwa. Amekonda. Hasemi sana siku hizi, na mtaa mzima umekuwa kimya kwa sababu hiyo.

Nimekuwa na jambo hili siku kumi na moja. Nikimwambia, furaha yake itasikika mpaka bomani, na Bwana Miwani bado anampelekea mashati. Nisipomwambia, atamzika mtu aliye hai, akae eda ya mtu anayecheka Kondoa. Nilisimama uani kwake, kanzu iko kwenye kamba, nyeupe, inakauka.

"Kanzu hii usiigawe," nikasema.

"Mama Felista, maiti havai kanzu ya Idi."

"Sijasema habari za maiti. Nasema kanzu usiigawe. Ikunje, uiweke penye mchago wako, uitie udi."

Alikuwa ana shati la ofisa mkononi, anakamua. Alisimama hivyo, maji yanamtiririka viwikoni. Alinitazama usoni muda mrefu kuliko alivyopata kunitazama, anasoma. Nikamwacha asome. Nikaona amefika.

Midomo ilifunguka. Niliogopa. Kisha ikafungwa. Alimaliza kukamua shati lile, akalikung'uta, akalianika, akavuta mikono yote sawa. Halafu akaiondoa kanzu ya Pazi kwenye kamba, ikiwa mbichi bado, akaikunja kifuani, akaingia nayo ndani. Sikusikia sauti.

Alasiri mama mmoja wa mtaa wa juu alipita akauliza hitima ya Ijumaa ni saa ngapi, alete sufuria.

"Nimeahirisha," Mwaisha akasema, hakuinua kichwa kwenye beseni. "Mvua."

Yule mama alitazama mbingu kavu, akanitazama mimi, akaenda zake.